Mjomba anasema antibiotiki ni siku saba, mama ameandikiwa miezi sita

Shikamoo Daktari,

Mimi ni msomaji wako wa Dar es Salaam, mtoto wa pili kati ya wanne. Naandika kuhusu mama yetu. Ana miaka 67 na anaishi Muheza kwa kaka yetu mkubwa. Goti la kulia lilimtesa miaka mingi mpaka akawa anaswali amekaa kwenye kiti. Mwaka huu tukachangishana, ndugu zetu wa Muscat wakatuongezea, tukampeleka India akawekewa goti bandia. Alirudi anatembea na mkongojo mmoja, furaha yetu haikuwa na kifani.

Wiki ya tatu tangu upasuaji kidonda kikaanza kutoa majimaji. Mwanzoni ni kidogo, kitambaa kinalowa mara moja kwa siku. Baadaye goti likavimba, likawa la moto, na usiku homa. Kaka akampeleka zahanati, akapewa amoksilini za siku tano. Homa ikashuka, majimaji hayakukata. Nikamleta Dar. Hospitali niliyompeleka walimfungua tena kesho yake: wakaliosha goti, wakabadilisha ile plastiki ya katikati, chuma chenyewe wakakiacha. Walikata vipande vya nyama wakapeleka maabara, na majibu yakaja yameandikwa Staphylococcus aureus. Akakaa wodini na dripu wiki mbili, kisha akaruhusiwa na vidonge vya aina mbili, rifampisini na siprofloksasini, asubuhi na jioni. Daktari wa mifupa akasema, "Miezi sita, msikatishe." Hakueleza zaidi na sisi hatukuuliza, foleni ilikuwa ndefu.

Sasa ni mwezi wa tatu na nyumbani hakukaliki.

Mjomba wetu aliwahi kuwa karani hospitalini, kwa hiyo neno lake kwenye mambo ya dawa ni zito. Anasema antibiotiki ni siku tano, zikizidi sana saba, zaidi ya hapo ni kujenga usugu, na kwamba sisi tunauziwa dawa tu. Anasema pia kama ugonjwa ungekuwa wa kweli wangemwacha kwenye dripu, vidonge ni vya mafua. Kidonda kimefunga, kimekauka, mama anatembea hadi kwa jirani. Kwa mjomba kazi imeisha.

Mama mwenyewe amechoka. Kila asubuhi kichefuchefu. Mkojo umekuwa rangi ya chungwa. Jirani mmoja aliyewahi kuuguza mtu wa TB alipoziona zile kapsuli nyekundu akasema, "Hizi nazijua." Tangu siku hiyo mama anazificha kwenye kopo la sukari, na watu wanauliza maswali ya pembeni. Daktari, au mama ana TB na sisi tumefichwa?

Kaka anajitahidi sana kumsimamia, sitaki nimseme vibaya. Ili tumbo lisimsumbue anampa dawa zote mbili na chai ya maziwa na andazi, na kiungulia kikizidi anamtafunisha magnesiamu. Rifampisini hazipatikani kule, nazituma kwa basi. Siprofloksasini ananunua hukohuko, vidonge kumi kumi kulingana na mfuko. Kuna wakati ziliisha, pesa haikuwepo, akaendelea na zile nyekundu peke yake karibu wiki mbili. Nilikuja kujua baadaye. Presha yake nayo imepanda. Miaka yote amlodipini ilimtosha, sasa kila akipimwa ya juu haishuki chini ya 170. Tunadhani ni mawazo.

Naomba unijibu: ni kweli mtu anaweza kunywa antibiotiki nusu mwaka? Tukiacha sasa, maadamu amepona, kuna ubaya gani? Na kama dawa zinamshinda, si bora hilo goti litolewe tu yaishe? Jumapili kuna kikao cha familia na mjomba atakuwepo.

Mtoto wa Pili, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Mfikishie mama pole zangu, na kaka yako mwambie nimemwona anavyohangaika.

Nitafika kwa mjomba. Kwanza nianze na lile ulilolitaja kwa kupita, maana ndilo lililonitia wasiwasi kuliko yote: zile wiki mbili za kapsuli nyekundu peke yake.

Rifampisini ni dawa kali sana kwa stafilokokasi, yule bakteria aliyeandikwa kwenye majibu ya maabara ya mama, lakini ina udhaifu wake. Bakteria akipata badiliko dogo tu kwenye jeni moja, dawa hiyo haimgusi tena. Na pale ambapo bakteria ni wengi, wachache wenye badiliko hilo huwa tayari wamo. Wakikutana na rifampisini bila mwenzake, wengine wote wanakufa, wao wanabaki na kuzaana bila mpinzani. Kazi ya siprofloksasini ni kuwamaliza hao wachache. Ndiyo maana mama aliandikiwa dawa mbili kwa pamoja, na ndiyo maana hakuna daktari wa maradhi ya kuambukiza atakayekubali mgonjwa wake ameze rifampisini peke yake hata kama ndiyo iliyobaki nyumbani.

Sisemi kwamba mambo yameharibika. Mama alikuwa ameshaoshwa goti, ameshakaa kwenye dripu, na bakteria waliobaki wanaweza kuwa wachache sana. Ila daktari wake hana habari, na kila uamuzi atakaoufanya kuanzia sasa ataufanya akiamini kwamba dawa zote mbili zilimezwa bila kukatika. Mpigie kesho, msingoje Jumapili. Atataka kumwona, ampime damu kipimo kinachoitwa CRP, kile kinachopanda mwili ukiwa unapambana na maambukizi, halafu akilinganishe na cha siku alipotoka wodini. Kikiwa kimeshuka na goti limetulia, huenda wakaendelea kama kawaida. Kikiwa kimepanda, au goti limeanza kuuma upya, wanaweza kulichoma sindano wanyonye maji ya ndani yakaoteshwe tena maabara, waone kama rifampisini bado inafaa. Na kuanzia leo iwe sheria ya nyumba: dawa moja ikikosekana, rifampisini haimezwi peke yake, na simu inapigwa siku hiyohiyo.

La pili ni chai ya maziwa. Hapa kaka yako alifanya kwa huruma, na huruma yenyewe imekula dawa. Siprofloksasini ikikutana tumboni na kalsiamu ya maziwa inashikamana nayo, na sehemu ya dawa inatoka na choo bila kuingia kwenye damu. Magnesiamu ni mbaya zaidi ya maziwa, na vivyo hivyo vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na vile vyenye zinki. Mmenunua dawa kwa pesa ya kuungaunga, mmeisafirisha kwa basi, halafu kikombe cha chai kikazuia sehemu yake mlangoni.

Mpango wa asubuhi uwe hivi. Rifampisini inapenda tumbo tupu, kwa hiyo akiamka ameze na glasi ya maji, akae kama saa moja. Kisha chai ya rangi na kipande cha muhogo au andazi kavu, na siprofloksasini amezee hapo kwa maji. Maziwa anywe mchana akipenda, hatujayapiga marufuku. Jioni vivyo hivyo. Kama tumbo tupu linamchafua roho kabisa, rifampisini anaweza kuimeza na chakula kidogo, si lazima ateseke, ila mwambieni daktari kwamba ndivyo mnavyofanya. Magnesiamu wekeni kando mpaka daktari amchagulie dawa nyingine ya kiungulia, maana magnesiamu inaipunguza na rifampisini yenyewe.

Presha sasa. Inaweza kuwa mawazo, sikatai, mama ana sababu za kuwa na mawazo. Lakini mimi ningeishuku rifampisini kwanza. Dawa hii inaliamsha ini, na ini likiamka linavunja dawa nyingine haraka kuliko kawaida, amlodipini ikiwamo. Kidonge kilekile kilichomtosha miaka yote sasa kinaisha nguvu njiani. Msimwongezee wenyewe. Apimwe, daktari aongeze dozi au abadilishe dawa, na mkumbuke kuna siku ya kurudi nyuma: rifampisini ikiisha, ini linatulia baada ya kama wiki mbili, na dozi iliyoongezwa isipopunguzwa presha inaweza kushuka mpaka mama akaanguka. Kwa wasomaji wengine mnaotumia rifampisini kwa sababu yoyote: inavuruga vidonge vya uzazi wa mpango, inavuruga warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inapunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kisukari, na anayetumia ARV yenye dolutegraviri kwa kawaida huongezewa dozi ya dolutegraviri muda wote anapokuwa kwenye rifampisini. Kila daktari anayekuandikia kitu aione orodha yako yote.

Haya, mjomba.

Mjomba wako hakukosea kila kitu. Kwa nimonia ya kawaida au maambukizi ya njia ya mkojo, siku tano hadi saba mara nyingi zinatosha, na ni kweli kwamba dawa zikinywewa ovyo zinajenga usugu. Pale penye chuma mwilini ndipo hesabu yake inapogoma. Chuma na plastiki havina damu inayopita ndani yake. Bakteria akitua hapo anajenga utando, ule utelezi unaoukuta ukipitisha kidole ndani ya tanki la maji lililokaa muda mrefu. Ndani ya utando huo bakteria wanapunguza mwendo, wanaacha kugawanyika haraka, na antibiotiki nyingi zinamuua bakteria anayegawanyika. Aliyelala zinampita tu. Amoksilini ya zahanati ilishusha homa kwa sababu iliwagusa waliokuwa wanaelea, na majimaji yakaendelea kwa sababu waliogandamana na chuma hawakusikia kitu.

Niweke hapa neno kwa wote wenye goti au nyonga bandia, hata kama si jibu la barua hii. Kidonda kikianza kutoa majimaji, msikimbilie amoksilini. Nendeni kwa mpasuaji. Antibiotiki iliyotangulia inaweza kuwaficha bakteria maabara wasiote, mkabaki mnatibu kitu msichokijua. Mama yenu alikuwa na bahati, jina lilitoka.

Kwa hiyo walipomfungua walifanya mambo mawili ambayo dawa haiwezi kuyafanya: walikwangua na kuosha, na wakatoa plastiki ili wafike nyuma yake, kisha wakaweka mpya. Upasuaji huo wa kuacha chuma unafaa pale maambukizi yanapowahiwa, wiki chache tangu yaanze, chuma bado kimeshika vizuri kwenye mfupa na hakuna tundu la usaha lililokomaa kwenye ngozi. Mama aliingia kwenye dirisha hilo. Baada ya kuosha, kinachobaki ni mabaki ya utando, na rifampisini ni mojawapo ya dawa chache zinazoweza kuwafikia stafilokokasi waliolala humo.

Miezi sita aliitoa wapi daktari? Hakuiota. Mwaka 1998 watafiti wa Uswisi walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 33 wenye vyuma mwilini vilivyoingiwa na stafilokokasi, wakaoshwa, chuma kikaachwa. Kundi moja lilipewa siprofloksasini na rifampisini, kundi jingine siprofloksasini na kidonge kisicho na dawa. Waliomaliza na dawa zote mbili walikuwa 12 na wote walipona. Upande wa pili, kati ya 12 waliomaliza walipona 7. Katika jaribio hilo wenye nyonga bandia walitibiwa miezi mitatu, wenye goti bandia miezi sita. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliandika vivyo hivyo, tatu kwa nyonga, sita kwa goti, na madaktari wengi duniani wamefuata.

Kisha Wafaransa wakauliza swali la mjomba wako, ila kwa adabu: hatuwezi kupunguza? Katika hospitali 28 waligawa wagonjwa 410 wenye viungo bandia vilivyoambukizwa, baadhi wakatibiwa wiki 6, wengine wiki 12, wakachapisha matokeo mwaka 2021. Waliotibiwa wiki 6, maambukizi yaliendelea kwa asilimia 18.1. Wa wiki 12, asilimia 9.4. Na ukiwatazama walio kama mama yako, waliooshwa chuma kikabaki, pengo ni kubwa zaidi: asilimia 30.7 dhidi ya 14.5. Hapo ni wiki sita zinashindwa, si siku saba. Mweleze mjomba taratibu, mwache ahesabu mwenyewe.

Utafiti huo unafungua mlango mwingine ambao sitaki nikufiche. Wiki 12 ni miezi mitatu. Siku hizi madaktari wengi, hasa Ulaya, husimama hapo hata kwa goti kama mgonjwa anaendelea vizuri. Kwa hiyo daktari wake anaweza kabisa kufupisha muda. Mjomba hawezi, mimi siwezi, wewe huwezi. Mimi, kwa jinsi nilivyosoma barua yako, ningeona vigumu kumfupishia mama ambaye sehemu ya dawa zake ililiwa na maziwa na wiki mbili nyingine zilikatika. Lakini ulizeni waziwazi: "Tukifika miezi mitatu mtaangalia nini ili kuamua?"

Kuhusu dripu, Waingereza walilipima hilo pia. Jaribio lao la mwaka 2019 lilikuwa na wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo. Wengine walipewa dawa ya mshipani kwa wiki sita za mwanzo, wengine vidonge vilivyochaguliwa vizuri. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalishindwa kwa asilimia 14.6 ya waliokuwa kwenye dripu na asilimia 13.2 ya waliokuwa kwenye vidonge. Kwetu sindano ina heshima kuliko kidonge, najua, nimefanya kazi wodini na nimeona mgonjwa akilalamika kwamba hajatibiwa kwa kuwa hakuchomwa. Kidonge kinachoingia vizuri kwenye damu kinafanya kazi ileile, na mama analala kitandani kwake.

Swali ambalo hukuuliza, na ningependa ulichukue kwa daktari kabla ya mengine: hizi dawa ni za kuponya au za kutuliza? Kuna wagonjwa ambao chuma chao hakiwezi kutolewa wala kusafishwa tena, kwa umri au kwa maradhi ya moyo, na hao hupewa kidonge kama doksisaiklini au kotrimoksazoli kwa miaka, hata maisha yote, ili maambukizi yalale. Humo mwisho wa dawa haupo, na familia inatakiwa iambiwe hivyo mapema. Mama yako kwa maelezo yako yuko upande wa kuponya: amewahiwa, ameoshwa, dawa ina tarehe ya mwisho. Akijua tarehe hiyo, nadhani asubuhi zake zitakuwa nyepesi kidogo. Iandikeni kwenye kalenda ya ukutani.

Kuacha sasa kwa sababu kidonda kimefunga? Ngozi hufunga kwanza, chuma kiko ndani zaidi. Maambukizi yakirudi baada ya miezi, utando utakuwa umekomaa na nafasi ya kuacha chuma itakuwa imepita.

Na hapo ndipo linapokuja la kulitoa goti. Umeliandika kama njia fupi, mwanangu, kumbe ndiyo njia ndefu. Kwa kawaida wanatoa vyuma vyote na saruji inayovishikilia kwenye mfupa, wanaweka kipande cha saruji ya mifupa kilichochanganywa na antibiotiki, mgonjwa anakaa nacho wiki nyingi goti likiwa gumu, anatibiwa dawa, mara nyingi wiki sita au zaidi, halafu anafunguliwa tena kuwekewa goti jipya. Kuchanganya antibiotiki na saruji kulianzia Hamburg, Ujerumani, kwa daktari Hans Wilhelm Buchholz, karibu mwaka 1970, na mji huohuo ukawa maarufu kwa kutoa na kuweka jipya siku moja. Ni upasuaji mzuri kwa anayeuhitaji. Ila hauondoi vidonge. Mtafungua goti mara mbili na dawa mtakunywa vilevile.

TB. Hapana, hakuna kwenye barua yako kitu kinachosema mama ana TB. Ana stafilokokasi, jina mmelisoma wenyewe kwenye karatasi. Rifampisini inatibu TB, inatibu ukoma, na inatibu stafilokokasi wa kwenye chuma. Jirani ameitambua kapsuli, ugonjwa hakuutambua. Mkojo wa chungwa ni rangi ya dawa yenyewe, na jasho na machozi navyo vinaweza kubadilika rangi, asishangae akiona doa kwenye mtandio mweupe. Lakini kuna swali la TB ambalo ni la haki kumuuliza daktari: kabla ya kuanza dawa hizi mbili, aliangaliwa kama hana TB iliyojificha kifuani? Kwa nchi kama yetu ni jambo la maana, kwa sababu rifampisini na siprofloksasini zikimkuta mtu mwenye TB isiyojulikana zitaitibu nusunusu na kuifanya sugu. Kama ana kikohozi cha wiki mbili, anapungua uzito au anatoka jasho la usiku, semeni. Na rifampisini ikikosekana, msikubali kubadilishiwa vidonge vya mchanganyiko vya TB kwa kuwa "ni ileile tu". Ndani yake mna dawa nyingine ambazo mama hazihitaji na zinazolielemea ini.

Kopo la sukari liache kazi hiyo leo. Kwa kaka yako kuna watoto, na watoto wanajua kopo la sukari lilipo. Dawa zikae juu, zimefungwa, kwenye pakiti zake.

Kichefuchefu kitapungua kwa mpangilio mpya, nategemea. Yapo mengine ambayo hayavumiliwi: macho kuwa ya njano, mkojo kugeuka kahawia kama kahawa, kutapika kila anachokula, kuharisha maji mara nyingi kwa siku, upele wa mwili mzima. Na kisigino. Siprofloksasini inaweza kudhuru kano ya kisigino, hasa kwa mwenye zaidi ya miaka 60, na mama anayejifunza kutembea upya atasema ni mazoezi. Akianza kulalamika maumivu nyuma ya kisigino, apumzike, asimeze dozi nyingine kabla hajaongea na daktari. Damu ya ini na figo nayo ipimwe kila atakaporudi kliniki. Kama haijapimwa tangu atoke wodini, hilo nalo liombeni.

Jumapili ningeshauri kikao kisijadili dawa kabisa. Kijadili pesa. Tafuteni bei ya dawa zote mbili kwa mwezi mzima, mgawane sehemu nne sawa, zinunuliwe pamoja Dar na zipande basi moja, moja isije ikaishia njiani kumngoja mwenzake. Mjomba, kwa kuwa anajua hospitali, mpeni kazi ya kufuatilia tarehe za kliniki na makaratasi ya vipimo. Sijawahi kuona mtu anapinga dozi anayoitunza yeye mwenyewe.

Kwa daktari kesho, ukishindwa kumpata kwa simu, tuma ujumbe kama huu: "Daktari, mama aliyeoshwa goti bandia la kulia, Staphylococcus aureus. Siprofloksasini ilikatika karibu wiki mbili, rifampisini ikaendelea peke yake. Alikuwa anameza dawa na maziwa na magnesiamu, tumeacha leo. Presha ya juu ni 170 akiwa kwenye amlodipini. Goti halijavimba, kidonda kimefunga. Tuje lini apimwe CRP, ini na figo, na je, wakati tunasubiri aendelee na dawa zote mbili?" Weka tarehe zile za kukatika, hizo ndizo atakazozitafuta kwanza. Ukishajibiwa niandikie CRP ilikuwa ngapi.